Wasomaji Wanauliza: Maabara ya mitandao nyumbani, kwa kompyuta moja na kebo chache

Safari hii tumekusanya barua za wasomaji wanaojifunza mitandao ya kompyuta na wanaotafuta namna ya kufanya mazoezi nyumbani bila kutoboa mfuko. Tumezijibu kwa kirefu pale panapowakwamisha wengi, na kwa ufupi pale ambapo jibu ni jepesi.

Nianze kwa kununua nini?

*Ndugu wataalamu, nina kompyuta mpakato ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 8. Sina ruta wala swichi. Ninunue kifaa gani kwanza ili nianze mazoezi?*

Kwa sasa usinunue chochote. Kompyuta hiyo inakutosha kwa miezi ya mwanzo, na kwa mada nyingi itakutosha hata baadaye. Weka Linux, iwe Debian au Ubuntu, ama kwenye diski yenyewe ama ndani ya VirtualBox (programu inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) ikiwa hutaki kuigusa Windows uliyonayo. Ndani ya Linux tayari mna kila unachohitaji kujengea mtandao mdogo. Amri ya `ip netns` huukata mtandao wa kompyuta vyumba vyumba, kila chumba na anwani zake, jedwali lake la njia na kadi zake. Nayo `veth` ni waya pepe wenye ncha mbili, unaounganisha chumba kimoja na kingine. Kwa kuwa vyumba hivi si mashine kamili, unaweza kuwasha hata 50 na kompyuta isione uzito.

Jenga mtandao huu wa kwanza: kompyuta mbili na ruta moja katikati. Andika amri kwenye faili, tuseme `maabara.sh`, kisha iendeshe kwa `sudo sh maabara.sh`. Kuandika kwenye faili ni muhimu, maana vyumba vyote hupotea kompyuta ikizimwa.

```
ip netns add pc1
ip netns add r1
ip netns add pc2
ip link add a1 type veth peer name a2
ip link add b1 type veth peer name b2
ip link set a1 netns pc1
ip link set a2 netns r1
ip link set b1 netns pc2
ip link set b2 netns r1
ip -n pc1 addr add 10.50.1.2/24 dev a1
ip -n r1 addr add 10.50.1.1/24 dev a2
ip -n pc2 addr add 10.50.2.2/24 dev b1
ip -n r1 addr add 10.50.2.1/24 dev b2
ip -n pc1 link set a1 up
ip -n r1 link set a2 up
ip -n pc2 link set b1 up
ip -n r1 link set b2 up
ip -n pc1 route add default via 10.50.1.1
ip -n pc2 route add default via 10.50.2.1
ip netns exec r1 sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
```

Jaribu kwa `sudo ip netns exec pc1 ping 10.50.2.2`. Ping ikijibu, ndipo kazi yenyewe inapoanza: uharibu mtandao wako kwa makusudi, hitilafu moja kwa wakati, na kabla ya kubonyeza kitufe andika kwenye daftari unachotarajia kukiona.

Anza kwa kufuta njia ya kurudi: `sudo ip -n pc2 route del default`. Ping itakufa. Fungua teminali ya pili uangalie pakiti zinazopita kwa programu ya tcpdump: `sudo ip netns exec pc2 tcpdump -n -i b1`. Utaona maombi yanawasili moja baada ya jingine na hakuna jibu hata moja linalotoka. Hitilafu hii ndiyo huwachanganya wanaoanza kuliko nyingine yoyote, kwa sababu mtu huikagua njia ya kwenda mara kumi na kusahau kwamba jibu nalo linahitaji njia yake. Irudishe, kisha weka `ip_forward=0` kwenye r1. Safari hii pakiti zitaonekana kwenye a2 na hazitaonekana kwenye b2. Halafu badilisha pc1 iwe na /16 mahali pa /24. Sasa pc1 itaamini kwamba 10.50.2.2 ni jirani yake wa waya mmoja, nayo itaanza kuiulizia kwa ARP (tangazo la kuuliza nani kwenye waya ana anwani hiyo) badala ya kuipelekea ruta pakiti. Hitilafu tatu, dalili moja ya "haifiki", na tcpdump inazitenganisha kwa dakika mbili. Ukishazoea hapo, ongeza ruta ya pili na ya tatu.

Packet Tracer ya Cisco, inayopatikana bure ukijisajili Networking Academy, nayo ina mahali pake, hasa kwa anayejiandaa na mtihani wa CCNA. Kumbuka tu kwamba hicho ni kiigizi: kinazijua amri zile tu kilizofundishwa. Amri ikikataliwa humo, usihitimishe kwamba na ruta halisi itaikataa.

Mashine pepe zinagoma kuwaka

*Nimeweka GNS3 na mashine pepe nne. Mbili zinawaka, nyingine zinagoma, na kompyuta yote inakuwa nzito kama jiwe. RAM ni gigabaiti 8. Je, ninunue kompyuta mpya?*

GNS3 ni programu ya kujengea mitandao ya majaribio kwa mashine pepe, nayo hula rasilimali. Kagua mambo mawili kwanza. La kwanza ni uwezo wa prosesa kuendesha mashine pepe, unaoitwa VT-x kwa Intel na AMD-V kwa AMD. Kompyuta nyingi zinao, ila umezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka. Kwenye Linux andika `egrep -c '(vmx|svm)' /proc/cpuinfo`. Ukipata 0, ingia BIOS uuwashe. Na ikiwa unaendesha GNS3 VM ndani ya VirtualBox au VMware, hapo una mashine pepe ndani ya mashine pepe, na ni lazima uiruhusu waziwazi kwenye mipangilio ya mashine ya nje. Usipofanya hivyo, vifaa vya ndani havitawaka, au vitawaka kwa mwendo wa konokono.

La pili ni hesabu ya RAM. Tenga gigabaiti 2 hadi 3 kwa mfumo wenyewe na kivinjari. Zilizobaki zigawe hivi: Alpine Linux ya kutumika kama kompyuta ya mteja inaridhika na megabaiti 128; RouterOS ya MikroTik katika umbo la CHR inakwenda na 256; IOSv ya Cisco hupewa 512. Kwa hiyo ruta nne za CHR na wateja wanne wa Alpine ni kama gigabaiti 1.5 tu. Kinachoua kompyuta ndogo ni mtu kuweka Ubuntu yenye dirisha na picha kama mteja wa kupigia ping. Hiyo peke yake inaweza kumeza gigabaiti 2 au zaidi, nawe ulihitaji ping na curl tu.

CHR bila leseni inafanya kazi, ila kila poti hubanwa isitume zaidi ya megabiti 1 kwa sekunde. Kwa kujifunza OSPF na BGP (namna ruta zinavyoambizana njia) au VLAN (kuigawa swichi moja iwe mitandao kadhaa), kasi hiyo haikuzuii kitu. Usiitumie kupima kasi ya mtandao, ukaanza kutafuta hitilafu isiyokuwapo.

Ikiwa una fedha kidogo za kutumia, ongeza RAM hadi gigabaiti 16, na kama kompyuta bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD. Mabadiliko hayo mawili yatakusaidia kuliko ruta yoyote ya mtumba.

Neno moja kuhusu programu za ruta zinazozagaa mitandaoni bila leseni: ziache. Ukiacha suala la sheria, huna namna ya kujua nani amezichezea. FRRouting, VyOS na OpenWrt ni huria, na Cisco nayo hutoa toleo la bure la Cisco Modeling Labs lenye kikomo cha vifaa 5.

Swichi ya mtumba yenye nywila ya mwenye mali wa zamani

*Nimenunua swichi ya Cisco Catalyst 2960 iliyokwisha kutumika. Inaomba nywila nisiyoijua. Pia kebo yangu ya konsoli inaonyesha herufi za ajabu. Nifanyeje?*

Tuanze na herufi. Konsoli ya swichi hiyo huzungumza kwa kasi ya 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Herufi za ajabu maana yake kasi hailingani. Skrini tupu kabisa ni tatizo jingine: ama kebo si ya konsoli, ama programu imewashwa udhibiti wa mtiririko, ambao unapaswa kuzimwa. Kwenye Linux kifaa huonekana kama `/dev/ttyUSB0`, nawe unafungua kwa `screen /dev/ttyUSB0 9600`. Ukikataliwa ruhusa, jiongeze kwenye kundi la `dialout` kisha utoke na kuingia upya. Adapta za USB za bei ya chini sana wakati mwingine hubeba chipu bandia ambazo dereva wa Windows huzikataa, kwa hiyo ijaribu adapta hiyo kwenye Linux kabla ya kuilaumu swichi.

Sasa nywila. Chomoa umeme. Bonyeza kitufe cha Mode kilicho mbele, kishikilie, kisha rudisha umeme huku bado umekishikilia mpaka uone kwenye konsoli neno `switch:`. Hapo andika kwa mpangilio huu:

```
flash_init
dir flash:
rename flash:config.text flash:config.zamani
boot
```

Swichi itawaka kana kwamba haijawahi kusanidiwa, nayo itakuuliza kama unataka kuongozwa katika usanidi wa mwanzo. Jibu `no`. Wengi huishia hapo, na wanakosea, kwa sababu VLAN za mwenye zamani hazikai kwenye config.text. Zimo kwenye faili nyingine, `vlan.dat`. Andika `enable`, kisha `delete flash:vlan.dat`, kisha `reload`, na ukiulizwa kuhifadhi usanidi, kataa.

Faili hiyo hubeba pia jina la kikoa cha VTP (itifaki ya Cisco ya kusambaza VLAN kati ya swichi) na namba ya marekebisho. Swichi ya mtumba yenye namba kubwa, ikiunganishwa kwa tranki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi) na swichi nyingine za kikoa hichohicho na nywila ileile ya VTP, inaweza kuzifutia zote VLAN zao na kuziwekea za kwake. Ukiwa na swichi moja huoni madhara. Ukipata ya pili, au siku ukibeba swichi yako kwenda nayo kazini, utayaona. Weka `vtp mode transparent` kila swichi ya maabara na usumbufu huo umekwisha.

Jambo moja dogo linalowasumbua wanaofuata masomo ya swichi nyingine: amri ya `switchport trunk encapsulation dot1q` itakataliwa kwenye 2960. Haijaharibika. Swichi hiyo inajua mtindo mmoja tu wa kubandika lebo za VLAN, 802.1Q, kwa hiyo haina cha kuchagua. Swichi ya 3560 inajua mitindo miwili, ndiyo maana huiomba amri hiyo.

Nimeizima intaneti ya nyumba nzima

*Kila nikiwasha maabara yangu, simu na runinga za nyumbani hukosa intaneti. Nikizima, hurudi baada ya muda. Wenzangu wa nyumbani wamechoka nami. Kosa liko wapi?*

Karibu kila mara dalili hizo hutokana na seva ya DHCP (inayogawa anwani kwa vifaa) ya maabara iliyotoroka. Kifaa kinapotafuta anwani hutoa tangazo kwa wote walio kwenye waya, na hupokea ofa ya anayewahi kujibu. Ruta yako ya mazoezi ikiwahi, simu inapewa anwani ya maabara na lango lisilofika popote. "Hurudi baada ya muda" ni kwa sababu kifaa hushikilia anwani hiyo mpaka muda wake wa ukodi uishe au kiunganishwe upya.

Uthibitishe kabla ya kugusa kitu: kwenye simu iliyokosa intaneti, tazama lango lililoandikwa. Likiwa ni la maabara, umekwisha kumkamata mwizi.

Mlango aliopitia kwa kawaida ni kadi ya mashine pepe iliyowekwa mtindo wa daraja, ambao huunganisha mashine moja kwa moja na waya wa nyumbani. Tumia mtandao wa ndani kwa mawasiliano ya mashine zenyewe kwa zenyewe, na NAT (mashine hutoka kwa anwani ya kompyuta yako) kwa ile moja inayohitaji kutoka nje. Kwa vifaa halisi, weka ruta moja mpakani: poti yake ya WAN kwenye ruta ya nyumbani, maabara yote nyuma ya poti za LAN. Wengi huchomeka LAN kwa LAN na hapo mpaka unakuwa haupo.

Pili, tenganisha anwani. Ruta nyingi za nyumbani hutumia 192.168.1.0/24 au 192.168.0.0/24, na ruta ya maabara mara nyingi hutoka kiwandani na hizohizo. Ruta yenye mtandao mmoja pande zote mbili haijui pakiti iende upande gani. Chukua 10.50.0.0/16 iwe ya maabara, na namba ya tatu ilingane na VLAN: VLAN 10 iwe 10.50.10.0/24, VLAN 20 iwe 10.50.20.0/24. Ukiiona anwani tu unajua iko wapi.

Kama nyumba nzima huzimika papo hapo na taa za swichi zote zinamweka kwa pamoja bila kupumzika, hilo si la DHCP. Una mzunguko: kebo mbili kati ya swichi mbili, au kebo moja iliyorudi kwenye swichi ileile. Swichi ndogo zisizosanidiwa mara nyingi hazina Spanning Tree ya kuukata, na tangazo moja huzunguka bila mwisho mpaka uchomoe ncha moja.

VLAN kwa kompyuta yenye kadi moja

*Nataka kutumia kompyuta ndogo ya mezani kama ruta kati ya VLAN mbili, lakini ina poti moja tu ya mtandao. Inawezekana? Na swichi ya poti 8 ya bei nafuu itafaa?*

Inawezekana. Swichi ndogo zinazosanidiwa kwa kivinjari, mradi zimeandikwa 802.1Q, zinafaa kabisa. Kwenye kompyuta, ikiwa kadi inaitwa `eth0`:

```
ip link add link eth0 name eth0.10 type vlan id 10
ip link add link eth0 name eth0.20 type vlan id 20
ip addr add 10.50.10.1/24 dev eth0.10
ip addr add 10.50.20.1/24 dev eth0.20
ip link set eth0 up
ip link set eth0.10 up
ip link set eth0.20 up
sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
```

Jina la kadi yako linaweza kuwa `enp3s0` au jingine. Amri ya `ip link` itakuonyesha.

Upande wa swichi, tuseme kompyuta iko poti 1, wateja wa VLAN 10 poti 2 hadi 4, wa VLAN 20 poti 5 hadi 7. Poti 1 iwe mwanachama wa VLAN zote mbili, yenye lebo. Poti 2 hadi 4 ziwe wanachama wa VLAN 10 bila lebo, na 5 hadi 7 wa VLAN 20 bila lebo. Halafu nenda ukurasa wa PVID, ambao kwenye swichi nyingi za aina hii uko peke yake: poti 2 hadi 4 ziandike 10, poti 5 hadi 7 ziandike 20. Uanachama huamua pakiti zinazotoka kwenye poti. PVID huamua pakiti isiyo na lebo inayoingia itahesabiwa VLAN ipi. Ukisahau PVID, maombi ya mteja huingia VLAN 1 na kupotelea humo, ilhali ukurasa wa VLAN unaonyesha kila kitu sawa. Poti 8 iache VLAN 1 kwa ajili ya kuifikia swichi yenyewe, la sivyo siku moja utajifungia nje na kulazimika kuirudisha ilivyotoka kiwandani.

Unapochagua, tafuta pia swichi inayoweza kunakili trafiki ya poti moja kwenda nyingine. Kwa uwezo huo na Wireshark, utaziona lebo za VLAN kwa macho yako.

Majirani wa OSPF wamekwama

*Ruta zangu mbili zinaonana lakini zinabaki EXSTART na hazifiki FULL. Eneo ni moja na vipindi ni 10 na 40 pande zote.*

Linganisha MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti moja. Salamu za OSPF ni ndogo, hupita popote, ndiyo maana zinaonana. Hatua inayofuata kila ruta humtajia mwenzake MTU yake, na yenye ndogo huikataa ile kubwa. Hutokea sana ukiunganisha mifumo ya aina mbili, au upande mmoja ukiwa ndani ya handaki la GRE, ambako 1500 hubaki 1476. Jaribu njia kwa `ping -M do -s 1472` ukielekeza kwa jirani: 1472 na baiti 28 za vichwa ni 1500 kamili. Kisha weka MTU moja pande zote. Amri ya `ip ospf mtu-ignore` itakupa FULL na kukuachia pakiti kubwa zinazopotea kimyakimya, kwa hiyo kwenye maabara usiizoee.

Kebo niliyobana mwenyewe

*Kipimaji kinawasha taa zote 8, lakini mtandao unasuasua.*

Huenda umepanga waya jozi baada ya jozi. Kipimaji cha taa huthibitisha tu kwamba waya wa 3 umefika tundu la 3. Hakijui umesokotwa na nani. Waya wa 3 na wa 6 lazima wawe jozi moja. Mpangilio wa T568B ni: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13. Angalia kasi kwa `ethtool eth0`: ukipata 100 badala ya 1000, kagua waya za 4, 5, 7 na 8. Na kebo iliyoandikwa CCA ni alumini iliyopakwa shaba. Hukatika kwenye kiunganishi na haifai kubeba umeme wa PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao).

Swichi kubwa itanimalizia umeme?

*Nimepewa swichi ya rafu ya poti 48. Niiwashe muda wote?*

Piga hesabu: wati 60 kwa saa 24 kwa siku 30 ni kilowati-saa 43.2 kwa mwezi. Kompyuta ndogo ya wati 10 ingekula 7.2. Feni zake pia hazifai chumba cha kulala. Iwashe wakati wa mazoezi tu, na kabla ya kuchomoa andika `copy running-config startup-config`, maana ulichosanidi kipo kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika.